Risala ya Wanawake wa Kivuko cha Bến Dâu Kuhusu Nishani ya Bibi Dần

Mgeni rasmi, Mheshimiwa Kanali Phùng Bá Chước wa Kamati ya Tuzo ya mkoa. Mwenyekiti wa kata yetu. Bwana Hiển wa dawati la nishani. Mzee Khoát uliyewahi kiti cha mbele tangu alfajiri. Na ninyi wanakijiji wote, mliokuja kwa heshima na mliokuja kwa harufu ya wali:

Sisi ni wanawake kumi na mmoja tuliobaki wa Kikosi cha Kivuko cha Bến Dâu. Tumemtuma mwenzetu Lựu asome kwa niaba yetu, kwa kuwa miwani yake ndiyo nzima. Tumeambiwa risala isizidi dakika tano. Tumesikia.

KARIBU

Mgeni rasmi, karibu sana. Kiti ulichokalia kina mguu mmoja mfupi na tumeukingia gazeti, kwa hiyo ukitaka kuegemea, egemea kulia. Chai iliyo mbele yako imechumwa nyuma ya jengo hili. Ni chungu. Ukimaliza kikombe utaongezewa bila kuulizwa, basi kama huipendi, iache nusu.

Tumefurahi umekuja mwenyewe. Mwaka juzi tuliletewa mwakilishi, na mwaka jana tukaletewa mwakilishi wa yule mwakilishi, kijana mwema kabisa, aliyekula vizuri na kuahidi kufikisha salamu. Leo tumekuona kwa macho yetu na tumeridhika.

Tunajua umekuja kuvisha nishani watu wanne. Watatu hawana neno. Risala hii inamhusu wa nne, ambaye katika orodha yako ameandikwa Hoàng Thị Dần.

HISTORIA FUPI

Daraja la mto wetu lilipopigwa na ndege mwanzoni mwa mwaka wa sitini na nane, kamati ya wakati ule iliita wasichana wavushe mizigo kwa mashua. Tulikuwa arobaini na wawili, mashua sita, na kamba moja ndefu iliyofungwa ng'ambo hii na ile. Tulifanya kazi hiyo miezi thelathini na moja. Viganja vyetu mpaka leo havifungi vizuri.

Sharti lilikuwa moja: msichana awe ametimiza miaka kumi na saba. Hapo ndipo lilipoanzia jambo la leo. Katika nyumba ya mzee Hoàng walikuwemo dada wawili. Mkubwa alizaliwa mwaka wa Chui Milia, katika ile miaka kumi na miwili ya wanyama inayozunguka, akaitwa Dần, yaani Chui Milia. Mdogo alizaliwa mwaka wa Nyoka, akaitwa Tỵ, yaani Nyoka. Wazazi wetu walikuwa watu wa shamba. Mtoto akizaliwa msimu wa kupandikiza mpunga, nani ana nafasi ya kutafuta jina? Wanachukua la mwaka, wanarudi topeni. Kwa hiyo mtoto wa namna hiyo hawezi kudanganya umri. Akitaja jina tu, karani anahesabu kwenye vidole na kujua.

Tỵ alikuwa na miaka kumi na mitano na alitaka kwenda. Alilia siku mbili. Dần alikuwa na kumi na minane, jina lake limeshaandikwa, lakini mama yao alikuwa kitandani na hakuna mwingine nyumbani aliyeweza kushika jembe la kukokotwa. Siku ya tatu Tỵ akamwambia dada yake ampe jina lake aende nalo. Dần naye, ambaye ulimi wake mnaujua, akamjibu: "Lichukue. Lenyewe tangu nizaliwe halijaniletea hata mchumba."

Alisema kweli. Kwetu mama mwenye mtoto wa kiume akisikia msichana ni wa mwaka wa Chui Milia, anakumbuka ana nguo za kuanua. Wanasema mke wa mwaka huo humla mumewe kichwa. Basi Tỵ akaenda mtoni akiitwa Dần. Dần akabaki nyumbani akiitwa Tỵ, maana orodha ya mchele ya ushirika ilitaka awepo Tỵ nyumbani. Na miezi sita haikupita, huyo Tỵ wa nyumbani akaletewa posa. Mama wa seremala, mwanamke aliyeshawakataa machui milia watatu, aliuliza mwaka, akaambiwa Nyoka, akaenda kwa mpiga ramli, akarudi anacheka. Alisema msichana bado mdogo kidogo kwa hesabu ya mwaka wake, lakini kwa kweli amekomaa vizuri, na yeye yuko tayari kungoja.

Mwisho wa mwaka wa sabini Tỵ wa kweli alirudi kutoka mtoni na kovu begani. Kila mmoja akataka jina lake. Walipika wali wa kunata, wakachemsha kuku, wakampelekea karani wa kata, naye akala na kurekebisha daftari la kaya siku hiyo hiyo. Mama wa seremala alipopata habari alilala siku tatu akiangalia ukuta. Lakini tambuu ya posa ilikuwa imeshatafunwa, na tambuu iliyotafunwa hairudishwi sahanini. Harusi ikafanyika. Seremala mwenyewe yuko hai, yuko pale nyuma karibu na mlango, na kichwa chake kipo.

Walichosahau ni daftari la kivuko. Hakuna aliyefikiri kwamba siku moja mtu atalifungua.

MAFANIKIO

Mgeni rasmi, tulivusha mchele, mapipa ya mafuta, askari wasiohesabika, na safari moja kikundi cha maigizo pamoja na ngoma zao na mwigizaji mmoja aliyetapika njia nzima. Wenzetu watatu hawakurudi. Majina yao yako kwenye jiwe pale nje, na wao hatuwafanyii mzaha.

Mizigo hatukupoteza, isipokuwa nguruwe mmoja. Alikuwa wa jiko la jeshi, mweupe mwenye madoa, akakata kamba katikati ya mto na kuogelea kwa ustadi ambao wengi wetu hatukuwa nao. Mzee Khoát, wakati ule kijana, ndiye aliyekuwa karani wetu. Mtu mwaminifu mno. Aliandika: "Mmoja ametoroka kazini, saa nne asubuhi, ameelekea kusini." Hakuandika mmoja nini. Miaka mingi baadaye tulipoombewa cheti cha pongezi cha kikosi, ofisi ikarudisha jalada, kwamba kikosi chenye mtoro hakistahili mpaka jina la mtoro na hatua zilizochukuliwa zijulikane. Tulijibu kwamba alikamatwa kijiji cha pili na kuliwa. Barua hiyo ilileta matatizo mengine, na cheti kikachelewa miaka minne.

Hatumlaumu Mzee Khoát. Alikaa ghalani miezi ishirini na sita kwa sababu anaogopa maji, na amepata nishani yake kihalali, kwa kuwa kanuni inahesabu miezi na haiulizi kama ulilowa. Tena yeye ndiye shahidi aliyetia saini majalada yetu yote.

CHANGAMOTO

Kabla hatujaendelea, tuseme jambo moja ili usipate taabu. Haya unayoyasikia si ungamo wala ushahidi. Ni risala. Kanuni za kustahili nishani zina kurasa arobaini na moja, tumezisoma zote kwa zamu, na hakuna ukurasa hata mmoja unaosema afisa achukue hatua kwa kilichosomwa kwenye risala. Risala hupokelewa kwa mikono miwili, hupigiwa makofi, huwekwa kwenye droo. Ile ya mwaka juzi tulikwenda kuitazama. Imo, na utepe wake haujafunguliwa. Kwa hiyo tumeona hapa ndipo mahali salama pa kusemea ukweli.

Miaka miwili iliyopita Bwana Hiển alipita nyumba kwa nyumba na fomu. Anayetaka nishani ya huduma ya mstari wa mbele awe na miezi ishirini na minne mfululizo, mashahidi wawili, umri halali siku ya kujiunga, na jina lake liwe katika daftari la kikosi. Na ukurasa wa kumi na saba unasema aliyetoa taarifa ya uongo hastahili, na jalada lake lifungwe moja kwa moja.

Bibi Tỵ alitafuta jina lake kwenye daftari akijua halipo. Alilitafuta tu. Akalikuta la dada yake: Hoàng Thị Dần, mashua ya tatu, miezi thelathini na moja, bila kukosa hata siku moja. Fomu ikajazwa kwa jina hilo, kwa sababu Bwana Hiển hujaza kilichoandikwa, na sisi tukajitia hamnazo tukidhani njiani mambo yatajirekebisha. Hayakujirekebisha. Mwezi uliopita barua ya pongezi ikaingia kwa Bibi Dần, mwanamke ambaye mashua hajaipanda mpaka leo.

Wanaishi ua mmoja, kwa hiyo tulisikia yote. Bibi Dần alisoma barua, akatema tambuu yake, akaenda moja kwa moja ofisini kuirudisha. Alipoanza kueleza, Bwana Hiển alisimama akafunga dirisha. Alimwambia: "Bibi, nakuomba usiniambie. Nikisikia nitaandika, na nikiandika, nitafunga jalada." Bibi Dần akaendelea. Bwana Hiển akaanza kumimina chai kutoka juu sana ili ipige kelele. Mpaka leo meza yake ina alama. Ni mtu mwema, amekwama tu kati yetu na zile kurasa arobaini na moja.

Njia zilikuwa tatu, na zote tulizijaribu kwa mdomo. Ya kwanza, Bibi Dần apokee nishani iwe yake. Alisema atakufa kwanza, tena kwa makusudi. Ya pili, Bibi Tỵ aseme kweli. Akisema, alidanganya jina, alidanganya umri, na ukurasa wa kumi na saba unamngoja. Ya tatu, dada hawa wabadilishane tena majina kisheria, lakini fomu ya kubadili jina inataka sababu, na sababu lazima iwe ya kweli, na sababu ya kweli ndiyo ile ile isiyosemeka.

Bibi Tỵ mwenyewe alikuwa akisema hataki kitu. Kila tukimgusia anasema ana bata wa kulisha. Sisi tuliokaa naye mashua moja hatudanganyiki. Siku ya sherehe ya Mzee Khoát, mwenye nyumba alipokwenda jikoni, Lựu alimwona Tỵ amesimama mbele ya ile nishani ukutani, kidole chake kiko juu ya kioo. Hakukiondoa mpaka aliposikia vikombe vinakuja.

Wiki iliyopita tulimbana. Tulimwambia aseme mara moja anataka nini, tujue la kuandika. Akasema: "Miezi yote ile nilikuwa Dần. Chuma kiliponiingia begani nilikuwa Dần. Pale hospitali ya msituni nilishikwa na homa nikawa namwita dada yangu, Dần, Dần, na wauguzi wakacheka, wakasema huyu amechanganyikiwa, anajiita mwenyewe. Sina haja ya jina sasa, limeshapita. Ninachotaka ni mtu wa serikali aniangalie mimi, mara moja, ajue ni mimi."

Tulijaribu kufanya utani hapo, kama kawaida yetu, na haukutoka.

HALI ILIVYO LEO

Mgeni rasmi, huenda umeona kwamba Bibi Dần hayupo. Anaumwa.

Ukurasa wa ishirini na tisa unasema mpewa nishani akiwa mgonjwa, ndugu wa damu anaweza kuja kwa niaba yake. Bwana Hiển aliusoma ukurasa huo kwa sauti juzi, akiwa peke yake, dirisha wazi, Bibi Dần akipita na kapu la mboga. Jana jioni Bibi Dần alivuka ua akamkuta mdogo wake anafunga banda la bata.

"Kesho naumwa," akamwambia.

"Unaumwa nini?"

"Bado sijaamua."

Bibi Tỵ akaanza kukataa. Akasema watu watacheka, tena akasema ni uongo mwingine juu ya uongo wa kwanza. Dada yake alimwacha amalize, kisha akamwambia maneno ambayo sisi majirani tuliyasikia juu ya ukuta na hatuoni aibu kuyarudia hapa: "Nilikupa jina langu ukaenda nalo mtoni, ukalirudisha zima. Nimelitumia miaka yote hii na halina doa. Kesho nenda ukalipokelee haki yake, maana ulilitumikia wewe. Mimi nililipikia tu."

Leo asubuhi tulipita kumjulia hali. Tulimkuta anamalizia bakuli la pili la tambi. Alipotuona alilala chini akashika tumbo, halafu akakumbuka kwamba alikuwa ameamua goti. Wahenga wanasema asiyekuwepo na lake halipo. Sisi tunasema leo wahenga watusamehe.

OMBI

Tulikuwa na maombi saba. Kulikuwa na paa la zahanati, pampu ya maji, barabara ya kwenda makaburini, na mengine ambayo Mwenyekiti wetu wa kata alituandikia kwa mkono wake mwenyewe. Leo tumeyafuta sita, na Mwenyekiti ameshatununia, unaweza kumwona. Tumebakiza moja, kwa sababu tunajua mgeni rasmi akiombwa mengi hupewa nafasi ya kuchagua.

Ukurasa wa ishirini na tisa una sehemu ya pili. Dada wote wawili hawakuijua. Bwana Hiển alimwambia Bibi Tỵ saa moja iliyopita hapo mlangoni, akitazama viatu vyake. Inasema kwamba anayekuja kwa niaba ya mgonjwa hukabidhiwa sanduku mkononi. Havishwi. Anayevishwa kifuani ni mwenye nishani peke yake.

Bibi Tỵ alisema si neno. Akaenda akakaa mwisho wa safu ya tatu, pale chini ya feni lisilozunguka. Ndiye yule mwenye shati la buluu, nywele nyeupe, anayetutolea macho sasa hivi tuache kusoma. Hatuachi, Tỵ. Kaa hapo hapo.

Shati hilo ni jipya. Asubuhi Lựu alimsaidia kufunga vifungo, na upande wa kushoto, kwa ndani, akakuta ameshonea kitambaa cha pili, mishono midogo midogo mizuri, ili pini isije ikachana nguo. Tỵ hakumwambia mtu. Alikishona jana usiku, alipokuwa bado anaamini atavishwa.

Mgeni rasmi, jina litasomwa la Dần, na cheti kitakuwa cha Dần. Hilo wameshakubaliana wenyewe na hatuliombei. Atakayesimama ni Tỵ. Utakuwa na sanduku mkononi na kanuni itataka umpe. Tunakuomba ulifungue. Tunakuomba umtazame usoni, halafu umchomeke ile nishani kifuani, upande wa kushoto, chini ya kovu. Ukiwa unafanya hivyo, sisi kumi tutakuwa tumeinama tunatafuta kitu chini ya viti, na Bwana Hiển ametuahidi kwamba atakuwa anamimina chai.

Hilo ndilo ombi letu. Mababu zako wakuone leo na wakuombee; njia ya kurudi iwe kavu, watoto wako wakulishe uzeeni, na mkono wako usitetemeke, maana kitambaa ni cha safu mbili na pini inahitaji kusukumwa kidogo.

Tumekuandikia na tumekusomea sisi,
Wanawake wa Kikosi cha Kivuko cha Bến Dâu,
kumi na mmoja tulio hai, pamoja na mgonjwa wetu wa goti.